Kukodi jahazi Lamu na watoto: jibu kwa mama wa Nairobi

Swali (nimelifupisha): "Sisi ni watu saba: mimi na mume wangu, watoto watatu wa miaka 5, 9 na 14, mama mkwe wa miaka 63, na shemeji yangu. Agosti tunakuja Lamu na tunataka kukodi jahazi siku nne, tulale humo humo, tufike mpaka Kiwayu. Nimempata kijana Instagram, ana picha nzuri sana, magodoro meupe na mapazia. Anataka pesa zote kwa M-Pesa kabla hatujasafiri. Niulize nini? Na je, ni salama?"

Dada yangu, tuanze na huyo kijana. Usimtumie pesa bado. Sisemi ni mwizi, huenda ni mtoto wa watu mwenye heshima zake. Lakini barua yako niliisoma mara mbili. Umenipa bei, umenipa rangi ya magodoro, umenieleza hata juisi ya ukwaju itakayowangoja mkipanda. Jina la nahodha halimo. Hulijui, na nadhani yeye mwenyewe bado halijui, kwa sababu picha zile ni za chombo cha mtu mwingine, na siku mkifika atazunguka gatini kutafuta nani hana kazi. Hivyo ndivyo biashara hii inavyokwenda kwetu. Nahodha asiye na kazi mwezi wa Agosti, wageni wakiwa tele, mara nyingi ana sababu ya kukosa kazi.

Mimi nimezaliwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, upande wa pili wa kisiwa kutoka Lamu mjini. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikiwatafutia wageni vyombo vya kukodi. Ukiniita dalali sitakasirika. Na katika miaka hiyo sijaona safari iliyoharibika kwa sababu ya godoro. Zimeharibika kwa nahodha asiyejua kusema hapana, na kwa watu waliopanga siku zao kwa kalenda ya ofisini badala ya kalenda ya maji. Kwa hiyo mtafute nahodha kwanza. Ukishampata, yeye ndiye atakayekwambia chombo kipi.

Tuelewane na neno lenyewe. Wageni huita kila chenye tanga "jahazi". Kwetu mashua ni chombo kidogo, cha futi 25 au 30 hivi, kizuri kwa kutembea mchana na kurudi jioni. Watu saba, pamoja na nahodha na mabaharia wawili, hawalali ndani ya mashua wakaamka wakisalimiana. Ninyi mnahitaji jahazi hasa, futi 40 na kuendelea, lenye sitaha ya kutandika magodoro na kivuli cha turubai. Muulize mtu kwa futi. Akikujibu "ni kubwa, usijali", basi hajalipima au si lake.

Sasa Agosti. Agosti ni kusi. Huu ni upepo unaotoka kusini na kusini-mashariki, unaanza baada ya masika, unakuwa na nguvu Juni na Julai, na Agosti bado haujachoka. Wageni wengi husikia "upepo mwingi" wakafurahi, wakidhani safari ya tanga ndiyo inataka hivyo. Ndani ya mikondo yetu, kati ya visiwa, ni kweli, raha tupu. Nje, upande wa bahari kuu, mawimbi ya kusi yanapanda juu ya miamba na kwenye mlango wa Shela, pale mkondo unapotokea baharini kati ya Shela na Ras Kitau, hadi nahodha mzima mwenye mvi anashika usukani kwa mikono miwili na kunyamaza. Na maji ya nje huwa yamevurugika. Kama watoto wameahidiwa kuvaa miwani na kuona samaki wa rangi kwenye matumbawe, waambie mapema kwamba Agosti wataona kidogo. Samaki wenyewe wapo, ila kwa kuwaona vizuri mrudi wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi.

Kuna jambo la kusi ambalo hutalikuta kwenye tangazo lolote. Kisiwa cha Kiwayu kiko kaskazini-mashariki ya Lamu. Ukitoka Lamu kwenda huko mwezi wa Agosti, upepo uko tezi, unakusukuma kutoka nyuma. Mnakwenda mkiimba, mtoto wa miaka 5 amelala mapajani, samaki wanabanikwa. Mnafika mmetabasamu. Kisha siku ya kurudi upepo ule ule uko omo, unakupiga usoni, na tanga letu la pembe tatu halipandi upepo moja kwa moja. Inabidi kubisha: kwenda upande huu, kugeuza, kwenda upande ule, kugeuza tena, maji yakirukia ndani kila wimbi. Mwendo uliowachukua siku moja kwenda unaweza kuwachukua mbili kurudi, au mwashe mashine mchana kutwa na kunuka petroli. Wazee husema kusi hukupeleka, hana haja ya kukurudisha. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, mnataabika kwenda na kurudi ni kama mtelezo. Kwa siku nne, na bibi wa miaka 63, mimi Kiwayu ya Agosti nisingeipanga.

Sababu ya pili ni usalama, na hili nitalisema bila kuzunguka. Kiwayu imo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa 1979 na inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori, na iko karibu na mpaka wa Somalia. Mwaka 2011 wageni walishambuliwa na kutekwa nyara upande huo, na baadaye mwaka huo huo hata Manda, kisiwa kinachotazamana na Lamu. Tangu hapo mambo yametulia, yakachafuka, yakatulia tena, na ruhusa ya kusafiri baharini usiku imekuwa ikibadilika kwa amri za serikali. Mimi nikikuandikia leo hali ikoje, siku ukifika maneno yangu yamekwisha chacha. Fanya hivi: wiki moja kabla ya safari, na tena asubuhi ya kuondoka, nahodha aulize polisi na Walinzi wa Pwani njia gani iko wazi, na awaachie orodha ya majina yenu na mahali mtakapolala kila usiku. Nahodha mzuri hufanya hivi bila kuambiwa. Ukimwona anakunja uso ukimtajia polisi, tafuta mwingine. Na mkipita karibu na kambi ya wanajeshi kwenye ghuba ya Manda, simu ziwe mfukoni, hakuna picha. Mwambie hasa huyo wa miaka 14.

Nimekunyima Kiwayu, basi nikupe kitu badala yake. Lakini kabla ya njia, maji.

Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika hamsini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Hayo ni maji ya kumfunika mtu mrefu aliyembeba mtoto mabegani, na saa sita baadaye pale pale kaa wanatembea kwenye tope. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo. Sasa angalia hii, maana ndiyo siri ya kupanga likizo ya Lamu: siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, hivyo saa nne asubuhi, wakati wageni wamemaliza chai na wanataka kuondoka, bahari imekauka. Ukitaka maji yajae mchana mwema, kati ya saa tano na saa nane, njoo mwezi wa Kiislamu ukiwa na siku 10 hadi 13, au 25 hadi 28. Mimi ningekuchagulia zile za kwanza, kwa sababu usiku mna mbalamwezi na watoto hawaogopi. Kwa saa kamili, Halmashauri ya Bandari, KPA, huchapisha jedwali la maji kila mwaka. Muulize nahodha wako: "Siku tunayoondoka maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu papo hapo, bila kutazama simu. Asipojibu, umeshapata jibu.

Nikusimulie kwa nini nalishikilia hili. Mwaka wa tatu wa kazi hii niliwapeleka wageni watano wa Nakuru kuona magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda. Takwa huendewa kwa kijito kinachopenya kwenye mikoko, na kijito hicho kina maji wakati wa kujaa tu. Ilikuwa bamvua. Tuliingia saa kumi vizuri kabisa. Mmoja wao alikuwa mpiga picha, na jua la jioni likawa linapiga kwenye kuta za msikiti kwa rangi ya asali, akasema dakika kumi, nikasema haya, akasema kumi nyingine, nikasema haya. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Hatukufika mbali. Mkuku, uti wa chini kabisa wa chombo, ulisugua tope mara moja, laini, kama mtu anayefuta meza, na chombo kikakaa. Kisha kikaanza kulala ubavu polepole, na watu nao wakalala ubavu. Mbu wa mikoko walikuja kabla ya giza. Tulikaa pale mpaka saa nane za usiku, maji yaliporudi kutuinua. Nahodha alikuwa amenitazama mara mbili pale magofuni na mimi nikajifanya sikumwona. Pesa za wageni wale nilizirudisha zote, na ilikuwa haki yao.

Kwa hiyo njia yenu. Siku ya kwanza mtoke Lamu mjini asubuhi maji yakiwa yanajaa, mpite Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, ambao majahazi makubwa huvuka maji yakiwa juu tu. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu mikoko iko pande zote mbili, hakuna wimbi, na mama mkwe atazoea chombo kabla chombo hakijaanza kucheza. Ng'ambo ya mkondo mtaona bandari mpya, ile ya mradi wa LAPSSET iliyoanza kupokea meli Mei 2021, na kama kuna meli inaingia nahodha atakaa mbali nayo. Mlale mmetia nanga kwenye kisiwa kidogo cha Manda Toto, upande uliokingwa na kusi. Siku ya pili mvuke hadi Pate. Kisiwa hiki watu huzungumza kana kwamba ni kijiji kimoja, kumbe kina miji yake kadhaa na kila mmoja una lahaja yake na majivuno yake. Teremkeni Siyu, muone ngome ya karne ya 19 na mafundi wa ngozi, mle mchana nyumbani kwa mtu, nahodha atawapangia. Siku ya tatu mrudi kwa kubisha, ndani ya ghuba, ambako mawimbi ni mafupi. Hapa ndipo watoto watajifunza kitu. Siku ya nne Takwa, mchana, maji yakiwa yamejaa, na mtoke wakati nahodha anaposema. Ule ni mji uliohamwa karne ya 17, na wazee wa Shela huuhesabu kuwa kwao.

Mtaona kwamba siku hizi zote hamkutoka kwenda bahari kuu hata mara moja. Ndivyo nilivyokusudia. Na acha nusu siku bila mpango. Upepo ukikataa, mtakuwa na akiba ya muda.

Ukishapata nahodha wa kweli, mwombe mmoja wenu aje akione chombo siku moja kabla, shemeji yako anafaa. Aje alfajiri, kabla mabaharia hawajafua maji. Chombo cha mbao huvuja, huo si ugonjwa, kisichovuja hata tone ni cha faiba. Suala ni kiasi gani. Afunue ubao wa sakafu, atazame ngama, yaani pale chini kabisa yanapokusanyika maji. Yakiwa ya kufuliwa kwa ndoo tatu nne baada ya usiku mzima, sawa. Yakiwa yanaelea mbao, aage kwa adabu arudi hotelini. Kisha ashike tanga kwa vidole na kulibana penye mshono, upande wa juu unaokaa juani. Tanga lililochoka hutoa vumbi na uzi hukatika bila kelele. Aitazame henza, kamba ya kutwekea tanga, hasa pale inapopita kwenye abedari, yaani kapi yake, kwa kuwa hapo ndipo inapolika. Aulize nanga ziko ngapi. Mbili. Moja ikikwama mwambani usiku wa upepo, hutaki kusikia kwamba ilikuwa ya pekee. Aulize cheti cha ukaguzi cha KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini, na akione kwa macho. Aulize kama mashine inawaka, halafu aseme, "Iwashe."

Jaketi za kuokoa maisha ndizo zitakazokugombanisha na watu, na ugombane nao. Atakuonyesha rundo la jaketi za rangi ya machungwa chini ya sitaha. Hesabu: kumi, pamoja na za mabaharia. Kisha tafuta za watoto, hapo ndipo rundo litakapokauka. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto wa miaka 5 kwa juu. Akianguka majini inaelea yenyewe, naye anakwenda chini. Mvishe, mfunge vifungo vyote, kisha mshike jaketi mabegani na kumnyanyua kidogo. Ikipanda ikapita kidevu, si yake. Inayofaa ina mkanda unaopita kati ya mapaja. Kusema kweli za hivyo Lamu ni chache, basi nunua mbili Nairobi, uje nazo. Zitakugharimu chini ya kile unachotaka kulipia mapazia. Na zivaliwe, si kukaliwa kama mito. Sheria yangu chomboni ni kwamba mtoto akiwa sitahani na tanga liko juu, jaketi iko mwilini, hata joto liwe namna gani.

Nikueleze na saa ambayo ajali hutokea, maana haitokei wakati wa dhoruba kama watu wanavyofikiri. Hutokea wakati wa kugeuza tanga. Nahodha anataka kubadilisha upande. Anapiga ukelele, baharia mmoja anakimbilia omo, mwingine anafungua demani, ile kamba ya pembe ya chini ya tanga. Kwa muda tanga lote liko huru, linapiga kama shuka la jitu lililoanikwa, foromali, ule mti mzito unaobeba tanga, inazungushwa upande wa pili wa mlingoti, na kamba ya demani inafagia sitaha kwa kasi. Ndipo mtoto husimama atazame, au baba husimama apige picha. Mfundishe kila mtu neno moja: nahodha akisema "chini", matako sakafuni, mikono ndani, kimya mpaka tanga lijae tena. Fanyeni mazoezi mara mbili mkiwa bado gatini. Watoto hupenda. Bibi atalalamika, atafanya.

Malipo. Bei iwe ya chombo kwa siku, si ya kichwa, na iandikwe karatasi moja: jina la chombo kama lilivyoandikwa ubavuni, jina la nahodha atakayekuwemo mwenyewe, idadi ya mabaharia, chakula na maji ni vya nani, ada za makumbusho na za hifadhi ni za nani. Kama mtaamua kuingia hifadhini, KWS hulipwa kwa eCitizen, hawashiki noti, na kiingilio cha Mkenya ni chini ya cha mgeni, basi kila mtu mzima awe na kitambulisho chake. Mimi hupenda theluthi itangulie ili kushika siku, theluthi mkikanyaga sitahani, theluthi mkishuka. Nahodha wa kweli hatakataa, kwa sababu theluthi ya kwanza inamtosha kununua mchele na petroli.

Petroli yenyewe ndiyo mama wa ugomvi. Mmekodi tanga, upepo umekufa saa tisa alasiri, watoto wana njaa, nahodha anawasha mashine. Nani analipa? Mnapofika ataleta hesabu, nanyi mtasema hamkuambiwa. Nimeketi kwenye mabaraza mengi nikisuluhisha kesi hii hii, na kila mara pande zote mbili zina haki. Andikeni kabla: lita kadhaa zimo ndani ya bei, zikizidi mnalipa kwa risiti, na mashine haiwashwi bila kuambizana, ila kwa hatari. Andikeni pia itakuwaje nahodha akikataa kuondoka kwa sababu ya bahari. Hapo msimkate pesa. Nahodha akijua kwamba kusema "leo hapana" kutamgharimu posho ya siku, ipo siku atasema "leo ndiyo" asipotaka.

Maji ya kunywa na kupikia hesabu lita tano kwa mtu kwa siku. Watu husahau mabaharia. Ninyi saba na wao watatu ni kumi, siku nne, lita mia mbili, yaani madumu kumi ya lita 20. Yahesabiwe yakipakiwa. Chakula sina wasiwasi nacho. Watapika kwa seredani iliyokaa kwenye sanduku la mchanga, wali wa nazi na samaki aliyevuliwa saa ile, na mtarudi Nairobi mkiona kila samaki wa huko ni mzee. Njooni na biskuti kavu na tangawizi kwa ajili ya kichefuchefu, na kama mna vidonge vya daktari vimezwe kabla ya kupanda, si baada ya kutapika. Bahari ikimlevya mtu, akae katikati ya chombo, atazame upeo wa mbali, asishuke chini wala asisome simu. Mara nyingi huwa ni baba.

Usiku kuna umande. Hakuna anayeamini mpaka aamke na godoro limelowa, basi ombeni turubai literemshwe mkilala, na kila mtu awe na shuka nzito na nguo ya mikono mirefu. Kusi usiku ni baridi kwa mtoto. Simu mbili za mitandao tofauti, ndani ya mfuko usioingia maji. Mtandao hupotea nyuma ya visiwa, hivyo mwulize nahodha kama ana redio. Mtu akiugua kweli, hospitali kubwa iko Lamu mjini, na muwe na namba ya mwenye boti ya kasi anayeweza kuwafuata. Nahodha anayo. Iandikeni na ninyi.

Ulisita kuuliza kuhusu choo, nikaona kwenye sentensi uliyoianza ukaiacha. Majahazi ya kukodi mengine yana kibanda tezi chenye mlango, mengine yana pazia na ndoo. Uliza waziwazi, hakuna atakayecheka. Nguo za kuogelea zivaliwe chomboni na kwenye fukwe zisizo na watu. Mkishuka Siyu au Pate, mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Kama mna desturi ya kunywa bia, muulizeni nahodha kabla ya kupakia, chombo ni nyumba yake. Mkiondoka Ijumaa, mtaondoka baada ya swala, kwa hiyo jedwali la maji la siku hiyo litazameni mara mbili. Na Agosti hii angalieni kama inaangukia mfungo sita, mwezi wa Kiislamu aliozaliwa Mtume. Lamu huadhimisha Maulidi mwezi huo, watu hutoka pwani nzima, na manahodha wazuri hushikwa wiki nyingi mbele.

Namna ya kumpata nahodha ukiwa Nairobi: piga simu kwa nyumba ya wageni mtakayolala usiku wa kwanza, usiulize "mna jahazi?" Uliza, "Watoto wenu ninyi mkiwapeleka Pate, huwapeleka na nani?" Uliza nyumba mbili tatu. Jina likijirudia, mpigie mwenyewe, mzungumze dakika kumi, umwambie umri wa watoto na wa mama mkwe. Sikiliza kama naye anakuuliza maswali. Yule kijana wa Instagram naye unaweza kumpa jina hilo, na kama anafanya kazi na nahodha huyo kweli, chukua magodoro yake meupe na uende kwa amani.

La mwisho ni magoti ya mama mkwe. Gatini Lamu mtapanda kwa ngazi za mawe, na maji yakiwa chini ngazi za mwisho zina ukoga wa kijani unaoteleza kama sabuni. Kule Manda Toto hakuna gati kabisa. Mtu hushuka kwenye maji ya magotini, au hubebwa, na mama wa miaka 63 hapendi kubebwa na vijana wasiomjua. Mwambie nahodha aje na ngazi ya mbao ya kufunga ubavuni, yenye vidato vipana, na yule shemeji atangulie kushuka ampokee. Yeye mama avae viatu vya mpira vyenye kisigino kilichofungwa. Ndara zitabaki kwenye tope.